Mhusika Amearifiwa

Chini ya taa ya kijani ya kisomaji cha vitambulisho palikuwa na maneno mawili ambayo karani aliyasoma kila asubuhi bila kuyatilia maanani: Mhusika amearifiwa. Aliyachukulia kama adabu tu ya mashine, sawa na neno "Karibu" lililofumwa kwenye zulia la mlangoni. Hakujiuliza mhusika aliarifiwa kwa njia gani, wala simu iliyopokea taarifa hiyo ilikuwa mfukoni mwa nani.

Kampuni yao ilikodisha magari, na wateja wengi walitoka ng'ambo ya mpaka. Tangu serikali mbili zilipounganisha kanzidata zao za vitambulisho, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kuuliza humo, kazi ya kaunta ilikuwa imekuwa nyepesi mno. Mteja aliweka kadi juu ya kisomaji, swali likavuka mpaka, na jibu likarudi kabla hajafunga pochi yake. Ila mawasiliano yalikuwa na tabia ya kukatika, na meneja hakupenda kuumbuka mbele ya wageni. Ndipo wakajizoesha kuijaribu mashine kabla ya kufungua mlango. Jaribio lilihitaji kadi ya ng'ambo, na pale kazini mwenye kadi hiyo alikuwa mmoja tu: fundi wa viti.

Walimwita Mama Sindano. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa ulimi, aliyeshona vitambaa vya viti vya magari katika chumba cha nyuma, kilichotengwa na kaunta kwa ukuta wa mbao. Kila asubuhi alikuja na kadi yake, akaiweka kwenye kisomaji na kusimama wima kama anayepimwa urefu.

"Haya, niambieni. Leo niko hai au nimeshazikwa?"

"Uko hai, Mama Sindano. Kijani kibichi."

"Basi niacheni nikashone, maana wafu hawashoni."

Na mashine ilipozubaa katikati ya kazi, meneja alipaza sauti tu, "Fundi, imelala!" Cherehani ikanyamaza, na Mama Sindano akaja mbio, kadi mkononi, kama mkunga aliyeitwa.

Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda. Siku moja, wakinywa chai, alimweleza karani sababu. Aliyekivunja ni mumewe, na ndiye aliyemfanya avuke mpaka na nguo alizovaa. "Akinipata tena, mdogo wangu," alisema, "hatahangaika na mkono." Karani aliapa kutomwambia mtu, na kweli hakumwambia mtu.

Asubuhi moja mwanamume mmoja aliingia mara tu mlango ulipofunguliwa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Shikamoo siwezi kukupa, dada yangu, wewe bado mbichi. Nataka gari."

Karani alicheka kidogo, akamuuliza la aina gani.

"Lolote linalotembea. Lakini kwanza nisaidie jambo. Hebu nisomee hapa, macho yangu siyaamini."

Aliiweka simu juu ya kaunta. Ulikuwa ujumbe kutoka mamlaka ya vitambulisho ya kwao: kitambulisho cha mhusika kimehakikiwa, kisha jina la kampuni, tawi, mtaa. Juu yake palikuwa na mwingine kama huo, na juu ya huo mwingine tena. Jumbe zote zilikuwa za asubuhi.

"Hicho ni kitambulisho cha mke wangu," alisema. "Nilimwandikisha mwenyewe, kwa namba yangu. Simu alikuwa hana, na mume ndiye simu ya mkewe, au nasema uongo? Sasa anakodi gari kila asubuhi. Nikajiuliza, huyu mwanamke anakwenda wapi kila siku?"

Alitabasamu. Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa ikikimbia, ikapumzika, ikakimbia tena.

Karani alielewa. Siri aliyoifungia kinywani alikuwa akiitoa kwa mkono wake mwenyewe, kila asubuhi, huku wakicheka.

"Wateja ni wengi, kaka," alisema. "Siwezi kuwakumbuka wote."

"Huyu utamkumbuka. Mkono wake wa kushoto haujanyooka."

Wakati huo meneja alitoka ofisini, akaona mteja amesimama na karani hafanyi kitu. "Karibu sana, mzee! Kadi tafadhali. Dakika moja tu na unaondoka na gari." Aliipokea kadi, akaiweka kwenye kisomaji. Duara dogo likazunguka kwenye kioo. Likaendelea kuzunguka.

"Meneja, subiri," karani alisema.

"Nisubiri nini?" Naye akageukia ukutani. "Fundi! Imelala!"

Cherehani ikanyamaza.

Karani alisikia kiti kikisogezwa, kisha kandambili zikija kwenye ujia, chap chap, bila wasiwasi wowote. Alijua na maneno yatakayofuata, maana hayakubadilika: Nani amewaulia mashine tena? Sauti hiyo ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa masikio yaliyoivukia mpaka. Mkono wake ulipapasa chini ya kaunta, zilipotundikwa funguo za magari, ukabonyeza kitufe cha kwanza ulichokipata.

King'ora kilipasua uwanja mzima. Mwanamume aligeuka dirishani. Meneja alitoka nje akifoka, "Gari gani hilo tena?" Karani aliteleza hadi kwenye ujia, akamkuta Mama Sindano amefungua mdomo kusema, kadi kati ya vidole viwili. Akamziba kinywa kwa kiganja.

"Amekuja," alimnong'oneza.

Mama Sindano hakuuliza nani. Macho yake yalibadilika.

"Amejuaje?"

"Ni sisi. Ni mimi, dada. Kila tukikuhakiki, simu yake inaambiwa."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nisamehe. Pitia nyuma, kunakooshwa magari, mwambie dereva wa kampuni akutoe. Mwambie nimesema mimi."

Mama Sindano aliitazama kadi yake kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni mshipi. Kisha akavua kandambili ili zisilie, akaondoka peku.

Karani aliporudi, king'ora kilikuwa kimezimwa, meneja amerudi kaunta, na duara limeacha kuzunguka. Taa ilikuwa ya kijani. Mhusika amearifiwa. Simu ya mwanamume ikalia mkononi mwake mwenyewe, akaisoma, akawaonyesha wote wawili.

"Mnaona? Haikosei." Alichukua kadi yake. "Gari nitakuja kulichukua siku nyingine. Sasa tunajuana." Mlangoni alisimama, akautazama ukuta wa mbao. "Mna fundi mzuri. Mbona cherehani imenyamaza?"

"Ameenda kununua uzi," alisema karani.

Mwanamume alitikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikia jibu alilolitarajia, akatoka. Lakini hakwenda mbali. Asubuhi nyingi zilizofuata karani alimkuta ng'ambo ya barabara, ameegemea nguzo, akitazama mlango ukifunguliwa.

Karani aliwaandikia watu wa mamlaka, akiomba namba iliyofungwa kwenye kitambulisho hicho ibadilishwe. Walimjibu kwa upole kwamba ombi lazima litoke kwa mhusika, na kwamba idhini itatumwa, kwa usalama wake, kwenye namba iliyopo.

Mama Sindano anashona katika mji mwingine, kwa jina lisilo lake. Hawezi kununua laini ya simu, kufungua akaunti wala kupanga chumba, kwa kuwa kila kaunta siku hizi ina kisomaji. Pale kwenye kampuni, viti vinapelekwa kushonwa nje, na mashine haijaribiwi tena kabla ya mlango kufunguliwa.