Gobore la Mlango wa Jikoni

Baba mkubwa alipofariki, tulikuta gobore nyuma ya mlango wake wa jikoni. Dada alitaka tulitundike sebuleni. Kaka alitaka kuliuza. Mimi nikapandwa na hasira. "Mmerogwa? Hilo linakwenda polisi leo hii!"

Afande aliyekuja kulichukua alichungulia mtutu, akacheka. Nyigu walikuwa wamejenga humo. "Hili halijawahi kuua hata panya," alisema, akaondoka nalo.

Jioni mama mkubwa akaniita jikoni, mikono kiunoni. "Umefoka wee, hata hukuniuliza. Haya, mlango nitaufunga na nini?"

Nikaziona kulabu mbili nene, moja kila upande wa mlango. Kumbe gobore lilikuwa ndilo komeo!

Basi, mimi ni seremala. Nilimchongea komeo la mninga, likakaa barabara. Akalitikisa, akaridhika, akanimiminia chai.

"Kwani baba mkubwa hakuogopa wezi?" nikamuuliza.

"Aliogopa bunduki kuliko wezi. Alipoirithi kwa baba yake, alisema ataipa kazi ya mlangoni, isije ikajitafutia kazi nyingine."