Kicheko cha Darasa la Saba

Darasa la saba lilimtoa jasho mwalimu wa hisabati. Siku moja alijifungia stoo ya vitabu akalia. Aliyemkuta ni mwalimu wa sayansi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akamfuta machozi na kuapa kunyamaza.

Wiki iliyofuata, darasani, mwalimu wa hisabati alimwambia msichana mpiga domo ahamie dawati la mbele.

"Nisipohama, utaenda tena kulia stoo?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alisimama pale pale mpaka msichana akahama. Kengele ilipolia, akaenda ofisini, kwenye meza aliyokaa pamoja na mwalimu wa sayansi.

"Mwenzangu, uliwaambia?"

"Nilitaka wakuonee huruma, dada."

"Wamenicheka."

Alikusanya vitabu vyake, akahamia meza ya dirishani. Darasa alikuja kuliweza; kwa rafiki yake hakurudi tena.