Kishungi Cheusi

Fundi Saa alikuwa na mikono ya kushika vitu ambavyo sisi wengine hata hatuvioni. Mchana alitengeneza saa. Jioni, kwa koleo zilezile na lenzi ileile jichoni, alifunga nzi wa bandia wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya milimani: unyoya kidogo, uzi kidogo, ndoana ndogo kama kope. Mkewe alimwambia hata samaki angehitaji miwani kuwaona. Fundi hakucheka. Alipenda utani wa kila aina, ila si wa nzi wake.

Maji yalipokuwa maangavu, nzi hao walifanya maajabu. Lakini mvua zilishika kule juu milimani, mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, na kila Jumamosi Fundi Saa akarudi mikono mitupu. Mwishowe shemeji yake, muuza samaki wa friji, alimcheka mezani mbele ya wajukuu. Fundi akapandwa na hasira, akaapa kwamba akirudi bure tena, ufito wake wa kuvulia ni wa shemeji.

Mkewe nusura aangushe bakuli. Bila mto, mwanamume huyu angeshinda jikoni kila Jumamosi, akifunua sufuria moja baada ya nyingine na kuuliza kwa nini hii, kwa nini ile. Tena alipenda anavyorudi kutoka mtoni, amelowa hadi magotini, anaimba. Siku hizi alirudi kimya, na kimya hicho kilimuuma.

Basi Jumamosi iliyofuata wakaenda mtoni pamoja. Mke akaketi juu ya jiwe nyuma ya mumewe, kichwani kofia aliyoifuma mwenyewe, yenye kishungi cha sufu nyeusi kikubwa kama limau. Akamshauri taratibu ajaribu kitu kikubwa, cheusi, maana katika tope lile nani ataona unyoya? Akajibiwa kwamba kila mtu na fani yake. Sikio la kufa halisikii dawa, akawaza, akaendelea kumenya chungwa.

Mshipi ukaenda mbele, ukarudi nyuma, mbele, nyuma, mpaka jua likaanza kushuka. Mara ndoana ikanasa kofia. Mke akaona kipande kizima cha kishungi kikinyofoka na kupita juu ya bega la mumewe. Akafungua mdomo amwambie. Akaufunga.

“Upepo huu,” Fundi alinung'unika.

Sufu ikatua, ikazama, na ufito ukapinda. Fundi akapiga kelele, akateleza. Mke akarukia mkanda wa suruali yake, na wote wawili wakakaa kitako majini, wakicheka hadi machozi, huku trauti mnene, aliyerushwa ukingoni na ufito, akirukaruka nchi kavu. Fundi akamfungua samaki mdomo. Akatoa sufu nyeusi iliyolowa, akaikagua sana, kisha akaitazama kofia ya mkewe.

Jioni shemeji alifika na mfuko mrefu wa kubebea ufito. Alimkuta samaki sahanini, na Fundi Saa mezani, lenzi jichoni, akifunga kitu kikubwa cheusi huku akiimba. Akauliza huyo ni mdudu gani.

“Muulize dada yako,” alisema Fundi bila kuinua kichwa. “Mimi hapa ni mwanafunzi.”

Kisha akanyoosha mkono, na mkewe akachukua mkasi, akamkatia kipande kingine cha kofia.