Alama za Meno

Kila asubuhi nilipanga trei kwa mpangilio uleule: kioo, kipimio cha fizi, kikwangulio, pamba. Siku ya mgonjwa wangu wa kwanza, pamba ilikuwa bado mkononi mlango ulipofunguliwa kwa teke.

Nilimtarajia mama. Chuoni kwetu, mwanafunzi humtafuta mgonjwa wake wa kwanza mwenyewe, na mama alikuwa amenipa kinywa chake nijifunzie wiki nzima. Nilijua mwanya wake wa mbele, nikajua jino la kando yake lililopinda. Lakini aliyeingia alikuwa baba wa kambo.

"Mama yako kaamka na homa, usiende kumsumbua," alisema, akajitupa kwenye kiti. "Nimejileta mwenyewe machinjioni. Chinja taratibu, daktari, mbuzi mwenyewe mzee!"

Wanafunzi wenzangu kwenye viti vya jirani walicheka. Baba alikuwa mtu wa watu. Nami nilicheka nyuma ya barakoa, maana nyumbani akitaka tucheke, tunacheka.

Nilianza na meno ya chini. Ugaga ulikuwa umegandamana kama ukoko wa sufuria. Kila nilipokwangua, alikunja ngumi yake ya kulia juu ya mkono wa kiti. Ndipo nilipoiona. Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imechanika sehemu mbili, vidonda vibichi, na katikati yake uzi mwembamba wa ngozi nzima. Pembeni kulikuwa na kidonda cha tatu, kimekaa mshazari.

Mwanya. Na jino lililopinda.

Mkono wangu ulikaza. Kikwangulio kilizama kwenye ufizi, damu ikamjaa chini ya ulimi. Alinguruma, akanidaka mkono, akausokota mpaka kitu kikalia ndani ya kiwiko. Trei ilianguka kwa kishindo.

"Mshenzi! Unataka kuniua?"

Kofi lake lilinitupa ukutani. Barakoa ikabaki inaning'inia kwenye sikio moja. Sikumbuki nilivyoinuka, nakumbuka tu kwamba ncha ya kikwangulio ilikuwa shingoni mwake, pale mshipa unapopiga, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yalikuwa yananiogopa. Nilipenda. Mungu anisamehe, nilipenda.

"Weka chini, binti," alisema mkufunzi, aliyekuja mbio kutoka kiti cha mwisho. "Weka tu."

Baba alitabasamu kwa meno mekundu.

"Samahani, mwalimu. Huyu mwoga tangu utotoni, mkono umemtetemeka. Mambo ya kifamilia haya, tutayamaliza nyumbani. Au siyo, mwanangu? Waambie ulitetemeka."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kujinasua. Ningekubali, ningepewa mgonjwa mwingine, nami ningekuwa muuguzi wa meno. Yeye angejifuta mdomo, angerudi kwa mama, na hasira ya leo angeimalizia kwake.

Niliweka kikwangulio mezani.

"Sikutetemeka," nilisema.

"Sikusikii," alisema mkufunzi. "Sema kwa sauti."

"Usijaribu," baba alinong'ona.

Midomo ilikuwa imeanza kunivimba. Niligeuka, nikawatazama wote, wenzangu na wagonjwa wao vinywa wazi.

"Sikutetemeka! Nilikusudia kumuumiza. Anampiga mama yangu. Hizo alama kwenye ngumi yake ni meno ya mama, nayajua moja moja. Msimwachie atoke humu, nawaombeni. Mtu aende kwa mama!"