Kikombe cha Bi Mkubwa

Gari lilifika nyumbani kabla ya mke, ndiyo maana likaitwa Bi Mkubwa. Mwokaji mikate alilinunua angali kijana asiye na hata kitanda cha maana, na siku alipooa, bibi harusi alipakiwa humo pamoja na magunia mawili ya unga. "Nikajua palepale," mkewe alikuwa akiwaambia wateja, "kwamba nimeolewa mke wa pili."

Tangu hapo Bi Mkubwa hakupumzika. Kiti cha nyuma kiling'olewa ili trei zipate nafasi. Asubuhi mume alizungusha mikate madukani na kwenye kantini za shule. Alasiri mke alipeleka keki na kukusanya trei tupu. Kilomita zaidi ya laki saba zilipita chini ya magurudumu yale, karibu zote katika mitaa ileile, kama mtu anayefagia ua mmoja maisha yake yote. Mlango mmoja ulikuwa wa gari jingine na wa rangi nyingine. Kioo cha upande wa abiria kilishuka kwa kubembelezwa na kupanda kwa kuvutwa kwa viganja viwili. Lakini injini ilikuwa ileile, na ilinguruma kwa sauti ya mtu mzima anayejisemea peke yake jikoni.

Injini hiyo ilikuwa na tabia moja: ilikunywa oili. Haikuwa na ulafi, ila kidogo tu, kila siku. Kijiti cha kupimia kilikatika zamani, kikabaki kipande cha juu cha kuzibia tundu, kwa hiyo wenyewe hawakupima kitu. Walijua haja yake kama mama anavyojua haja ya mtoto: kikombe kimoja cha bati, mara moja kwa siku. Aliyempa alimwambia mwenzake, "Ameshakunywa," na mwenzake akaitika, "Haya." Basi. Siku nyingine walisahau kuamkiana lakini hilo hawakulisahau.

Kisha wakanuniana.

Ilianza wakati wa chakula cha jioni. Binti yao, ambaye ndiyo kwanza amemaliza chuo na kupata kazi, alipiga simu akiwa na furaha isiyofichika. Alikuwa amewapatia gari dogo, safi, halijatembea sana. Angelileta Jumamosi, wiki mbili baadaye. Na kwa kuwa ua wao ulikuwa na nafasi ya gari moja tu, alikwisha kuongea na mtu wa vyuma chakavu. Huyo angekuja Jumamosi hiyohiyo kumchukua Bi Mkubwa.

"Sitaki Mama arudi tena kwa miguu na keki kichwani kwenye mvua," alisema. Hilo lilikuwa limetokea mwezi uliopita, mpira wa rejeta ulipopasuka.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alijibu. "Kweli, hili letu limechoka."

Mwokaji alinawa mikono kabla hajashiba, akaenda kulala.

Kuanzia asubuhi iliyofuata nyumba ikawa na watu wawili na mabubu wawili. Walikanda unga meza moja, bega kwa bega, kila mmoja akitazama donge lake. Jambo la lazima likitokea, waliambiwa wasiohusika. "Hamira imekwisha," mwokaji aliliambia tanuri. "Imenunuliwa, iko kabatini, mwenye macho ataiona," mkewe aliujibu ukuta.

Moyoni mwokaji alikuwa amefura kuliko donge lolote. Mke wa miaka yote hii, aliyekula matunda ya jasho la Bi Mkubwa, aliyesomesha mtoto kwa safari zake, leo amempeleka kwenye nyundo ya mtu wa vyuma kwa neno moja! Haya. Angewaonyesha. Jumamosi hiyo ikifika na gari linakwenda kama saa, bila kukohoa, tuone nani atakuwa na uso wa kumwambia mtu wa vyuma alibebe. Kwa hiyo akamhudumia kama mgonjwa wa heshima. Kila asubuhi alifuta taa, akakaza kila alichoweza kukaza, akamimina kikombe cha oili mpaka tone la mwisho. Ila hakumwambia mtu kwamba ameshakunywa. Angemwambia nani?

Ijumaa, siku moja kabla, alikuwa akirudi na trei tupu alipoona moshi kwenye kioo. Alidhani kuna mtu anachoma takataka. Moshi ukamfuata kona ya kwanza, ukamfuata ya pili, mweupe wenye ubuluu, mzito kama pamba. Kwenye mtaa wa maduka ulitanda barabara nzima.

"Mzee!" muuza viatu alipiga kelele akijipepea kwa kandambili. "Siku hizi mikate unaichomea humohumo?"

"Mwacheni," jirani yake akadakia, "anatangaza biashara."

Bi Mkubwa alikohoa, akatetemeka usukani mpaka viti, akazimika mbele ya duka la vyombo. Matone meusi yalianza kudondoka chini yake. Mwokaji alizungusha ufunguo, injini ikatoa sauti ya mtu anayetaka kutapika. Akauachia. Alikaa na mikono mapajani. Injini imekufa, alijiambia. Imekufa leo, na kesho yule mtu anakuja.

Alitoa simu. Kwa siku zote hizo hakuwa amemwambia mkewe neno la moja kwa moja, lakini vidole vilijua namba ipi.

"Bi Mkubwa," alisema.

"Uko wapi?"

Alifika kwa pikipiki, aproni bado kiunoni na unga mpaka kwenye nyusi. Hakumwangalia mume. Alizunguka gari, akainama, akaangalia matone, kisha akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa. "Pole," alisema. Mwokaji hakujua pole ile ni ya nani, ila aliipokea.

Walivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Fundi Kimya, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Aliwapokea akizungumza, akafungua boneti akizungumza, akachomoa plagi moja na kuinusa akizungumza. Kisha akalala chini ya gari na karai lake, na kwa mara ya kwanza wakasikia ukimya.

Oili ilikuwa ikishuka. Ilishuka, ikashuka. Karai lilijaa.

"Nipeni ndoo!" Fundi Kimya alilia kutoka chini. "Upesi! Jamani, hii ni injini au kisima?"

Mwokaji alisukuma ndoo kwa mguu. Ndoo nayo ikaanza kupanda. Hatimaye fundi akatoka, kapakaa oili uso mzima, akawatazama mmoja baada ya mwingine kama mganga anayetaka ukweli wa familia.

"Mimi nimezoea injini zinaletwa hapa zimekufa kwa kiu," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza kuletwa imevimbiwa. Oili imejaa mpaka imepanda kusikotakiwa, ndiyo hiyo mliyokuwa mnaivuta barabarani. Nani anamlisha huyu?"

"Mimi," mwokaji alisema. "Lakini kikombe kimoja tu. Asubuhi, kama siku zote."

Mkewe aligeuka. "Asubuhi?"

"Asubuhi. Saa ngapi tena?"

Mkewe alijishika kiuno, akaachia, akajishika tena. "Mimi nampa jioni," alisema polepole. "Nikirudi na trei. Kikombe kimoja."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponuna! Hukuniambia ameshakunywa. Siku ya kwanza sikusikia, ya pili sikusikia. Nikasema huyu mwanaume amesusa."

"Nimsuse Bi Mkubwa? Mimi?"

"Umenisusa mimi ninayekupikia, ndiyo ushindwe kususa gari?"

Fundi Kimya alifungua mdomo, na pengine kwa mara ya kwanza maishani akaufunga bila kusema kitu. Aliokota spana ambayo hakuihitaji, akaenda nayo upande wa pili wa gereji.

"Lakini wewe ulisema limechoka," mwokaji alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Ulimwambia alilete hilo jingine. Sasa unampa oili ya nini mtu unayemtuma kwenye nyundo?"

Mkewe aliketi kwenye tairi lililolazwa. Unga ulikuwa umeanza kukauka usoni mwake na kumfanya mzee kuliko alivyokuwa.

"Mtoto anatoa zawadi yake ya kwanza," alisema. "Amejinyima, ameitafuta, anapiga simu sauti inacheka. Ningemwambia nini? Hatutaki? Nilitaka nimpokelee kwanza, halafu tukaongee mimi na wewe chumbani, tuone tunamwambiaje. Nikaingia chumbani nikakuta umegeukia ukutani umejikunyata kama mkate uliosahaulika kwenye tanuri." Alijipangusa pua kwa mkono. "Unadhani ni wewe tu unayempenda? Wewe unamwona alfajiri ameshapumzika. Mimi ndiye ninayerudi naye amechoka. Kila nikikaa pale nakuta kiti umekisogeza nyuma kwa ajili ya miguu yako mirefu hiyo. Nakisogeza mbele, nasema haya, mwenzangu alirudi salama. Tukiwa na magari mawili, wewe na lako mimi na langu, hiyo nitaijulia wapi?"

Miaka yote mwokaji alirudisha kile kiti nyuma kila alfajiri huku akinung'unika. Alisogea, akakaa naye juu ya tairi, ambalo halikuwatosha, ikabidi amshike bega ili asianguke.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusikia. Lakini mtoto kesho utaongea naye wewe. Kwa mdomo wako. Mimi sizungumzi tena na ukuta."

Fundi Kimya alisafisha plagi, akaosha kichujio cha hewa kilicholowa, akabadilisha sili ya mpira ya kuzuia oili, iliyokuwa imesalimu amri, akafungia kijiti kizima cha kupimia alichokitoa kwenye gari jingine, huku akiapa kwamba hajawahi kuona wendawazimu wa namna hii. Jumamosi asubuhi waliporudi, alimpa mwokaji ufunguo. Injini ilikataa mara mbili. Ya tatu ikawaka, ikapiga chafya ya moshi, ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Sauti ya jikoni ikarudi. Mke alifumba macho akaisikiliza.

Binti yao aliwakuta wamesimama hivyo. Alikuwa amepitia nyumbani akawakosa, akaelekezwa gereji, na sasa alishuka kwenye gari dogo la rangi ya fedha lililong'aa mpaka mafundi wakaacha kazi kulitazama.

"Limeharibika tena," alisema, akitazama ndoo ya oili. "Si niliwaambia? Yule mtu wa vyuma yuko njiani kuja nyumbani."

Mke alimsukuma mwokaji mgongoni kwa kidole kimoja.

"Mwanangu," alianza, "kwanza sikukushukuru. Ulipiga simu, mimi nikaenda kulala kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko. Asante. Zawadi yako imenifika, na nilijivuna moyoni ingawa nilikasirika." Alivuta pumzi. "Lakini Bi Mkubwa simtoi. Sisi hatumtoi. Siwezi kukuahidi kwamba hatoharibika. Ataharibika. Mama yako atakwama tena siku moja, na safari hii nitakwenda kumfuata badala ya kumsubiri mlangoni. Hilo naweza kuahidi. Na jana hakuharibika mwenyewe, tulimshindilia oili sisi, kwa sababu hatukuwa tunaongea. Na hatuwezi kumpeleka kwenye nyundo mtu aliyeugua kwa upumbavu wetu."

Binti alimtazama mama yake.

"Ndivyo ilivyo," mama alisema. "Tumemlisha mara mbili. Usicheke."

Binti alijaribu kutocheka. Aliuma midomo, mabega yakamtikisika, kisha akaegemea bampa la Bi Mkubwa akacheka mpaka machozi, na hakuna aliyejua machozi yale yalikuwa ya kicheko tu au na kitu kingine, maana aliyafuta kwa muda mrefu. Alitoa simu.

"Halo? Mzee wa vyuma? Samahani sana. Lile gari... hapana, halijauzwa. Liko hai." Alisikiliza. "Ndiyo, najua ni la zamani. Na wenyewe pia."

"Wewe mtoto!" mama alisema.

"Sasa hili nilipeleke wapi?" binti aliuliza, akionyesha gari la fedha. "Ua wenu hauna nafasi."

"Uliendeshe wewe," mwokaji alisema. "Unakwenda kazini unaning'inia mlangoni mwa basi kila siku, unadhani hatujui? Limeshatembea kiasi gani?"

"Kilomita elfu kumi hivi."

"Elfu kumi!" Mwokaji alicheka kwa mapenzi, kama mtu aliyeonyeshwa kitoto kilichozaliwa usiku wa jana. "Hilo bado halijafumbua macho. Fungua boneti."

Binti hakujua boneti inafunguliwaje. Walitafuta pamoja, baba kwa nje na binti kwa ndani, mpaka ikaachia. Injini ilikuwa imefunikwa kama sahani ya mgeni. Mwokaji alipapasa pembeni, akapata kishikio cha manjano, akasogea kumpisha.

"Vuta mwenyewe."

"Baba, nina nguo nyeupe."

"Zitafuliwa. Vuta, futa, rudisha, vuta tena. Tuliza mkono. Haya, niambie unaona nini."

Binti aliinama juu ya kijiti, akakunja uso, ncha ya ulimi ikitokeza pembeni ya mdomo kama alipokuwa akijifunza kuandika. Nyuma yao mama alikuwa amekwisha kuingia kwenye Bi Mkubwa, akivuta kiti mbele kwa kishindo.

"Nyinyi endeleeni na darasa lenu," alisema dirishani. "Mimi nina mikate ya watu nyumbani inanisubiri, na leo asubuhi naendesha mimi."