Kiuno cha Mama Besi

Shemeji wa fundi cherehani alikuwa amesomea kompyuta siku tatu, moja kati ya hizo umeme ukiwa umekatika, kwa hiyo hakuona tena mtu wa kumfundisha. Fundi alimkabidhi daftari la vipimo vya akina mama thelathini na wawili wa kwaya. Shemeji akavinakili kwenye lahajedwali la kompyuta: kila mama na mstari wake, bega, kifua, kiuno na urefu, kila kimoja na safu yake. Kisha daftari akalichoma. Mambo ya kizamani, alisema.

Alhamisi asubuhi fundi alitandaza kitambaa mezani. Dukani lilibaki jora hilo moja tu la rangi ile, na kwaya inaimba Jumapili. Mkasi ukikosea, basi tena. Akashika chaki, akasoma karatasi aliyochapiwa.

"Shemeji, Mama Besi ana kiuno cha inchi ishirini na nne?"

"Ndivyo kompyuta inavyosema."

"Mama Besi huyuhuyu anayejaza benchi peke yake?"

"Labda amefunga."

"Basi Mungu amejibu upesi. Na katibu wa kwaya, yule mwembamba kama ufito, amefika hamsini. Alikuwa anakula chakula cha mwenzake?"

Shemeji akakuna kichwa. "Nilipanga majina kwa alfabeti, yapendeze."

"Majina tu?"

"Majina tu. Namba sikugusa hata moja!" alisema kwa fahari.

Fundi akamwomba Mungu amzuie ulimi. Majina yalihama, vipimo vikabaki palepale, na kila mama akavishwa mwili wa mwenzake.

Mchana akina mama wakaitwa kupimwa upya. Fundi alitaja namba kwa sauti nyuma ya pazia, shemeji akaandika nje.

"Tena?" Mama Besi aliguna. "Mwili wangu umeibiwa?"

"Uliazimwa tu, mama. Inua mikono."

Walipomaliza, shemeji akataka kupanga majina. Fundi akamdaka mkono.

"Kamata jedwali lote kwanza, baba. Mtu ahame na vipimo vyake."

Akatii. Kisha akajaza safu ya mita za kitambaa alizotajiwa na fundi kwa kila mama, akaijumlisha: tisini na nne, papo hapo. Jora lilikuwa na tisini na sita. Hesabu hiyo ingemla fundi mchana mzima na penseli, na hapo akakiri kwamba mashine ina kazi yake. Ila bega la kushoto la katibu, lililoshuka kidogo, halikuwa na safu. Hilo fundi aliliandika kwenye daftari jipya, akalifungia kabatini, mbali na wasomi.

Ndipo akashika mkasi, akaanza na gauni la Mama Besi.