Sikio Halikufa Lenyewe

Alipaka gundi soli za viatu miaka kumi na minne, hata wenzake wakasahau jina lake na kumwita Mama Soli. Walikuwa wanawake kumi na wawili kwenye meza mbili ndefu nyuma ya kiwanda, kila mmoja na kopo la gundi, brashi, na kitambaa kilicholowa tina ya kusafishia. Madirisha yalipigiliwa misumari ili vumbi lisinase kwenye gundi. Harufu iliwapokea mlangoni asubuhi na kuwasindikiza hadi nyumbani, imejificha kwenye nywele. Ikifika saa nane vichwa vinazunguka, nao wakitaniana kwamba wamelewa bure.

Wa kwanza kushtuka alikuwa wifi yake, aliyekuwa akiishi naye. Siku moja alimwambia maji yamechemka, Mama Soli akauliza ni nani amecheka. Wakacheka wote wawili mpaka machozi. Lakini wiki ileile wifi alimwita mara tatu, yuko hatua mbili tu nyuma yake, asigeuke. Hapo kicheko kikaisha. Wifi akamshika mkono hadi hospitali.

Daktari wa masikio alimpima, akauliza kama kazini kuna mashine za kelele. Mama Soli akasema chumba chao ni kimya, mtu akikohoa wote wanajua. Ndipo daktari akataka kujua anavuta hewa gani. Akamweleza kwamba mvuke wa gundi na tina hupita puani hadi kwenye damu, na kuna aina zinazoharibu sikio la ndani hata pasipo kelele. Kilichoharibika hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Akamwandikia barua ya kupeleka kazini.

Msimamizi aliisoma barua akiwa wima, akaikunja. "Mama, gundi inapakwa viatu, haipakwi masikio. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu halikufa lenyewe," Mama Soli akamjibu. "Limeuawa, na muuaji yumo koponi."

Kesho yake aliitwa kwa meneja, ambaye ofisi yake ilipakana na chumba cha gundi. Meneja alimsogezea karatasi atie sahihi: usikivu wake umepungua kwa sababu ya umri, hivyo atahamishiwa kufagia ua. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Akairudisha kalamu mezani. Meneja akaanza kumbembeleza kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua kuta zina masikio, na Mama Soli akawa anaona midomo tu. Akainuka, akaufungua mlango wazi kabisa, akarudi kukaa.

"Sisikii, bwana. Paza sauti."

Akapaza. Akaambiwa bado. Akapaza tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na hasira ikaitangulia akili.

"Tunajua! Waliotuuzia gundi walituandikia zamani kwamba bila feni inaharibu masikio! Sasa feni za chumba kizima atanunua nani?"

Maneno yale yaliwafikia wenye masikio mazima na wenye nusu. Brashi zikawekwa chini, moja baada ya nyingine. Mama Soli alipotoka, mwenzake wa meza alikuwa ameshachukua koleo na kung'oa msumari wa kwanza. Naye akachukua lake. Kwenye dirisha la mwisho msimamizi alisimama mbele yao, mikono kifuani.

"Ondoka," Mama Soli akamwambia, "au shika koleo."

Akaondoka.

Siku nne hawakugusa brashi. Walifika kila asubuhi na kukaa uani. Siku ya tano akaja mkaguzi wa kazi, akaagiza wote wapimwe. Saba walikutwa na masikio yaliyodhurika, mmoja wao binti wa miaka ishirini na mitatu, ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mzee. Feni zikafungwa, na gundi ikabadilishwa.

Usikivu wa Mama Soli haukurudi. Ua hakuufagia. Wenzake walimchagua awe msemaji wao, na tangu hapo kila gundi mpya inapoletwa, hakuna kopo linalofunguliwa kabla hajasimama kuwasomea wote maelezo yake, neno kwa neno. Msimamizi hulalamika kwamba kazi inachelewa. Mama Soli hulamba kidole, akafunua ukurasa wa pili.